Kujiremba kutoka Jikoni: Kinachofaa Ngozi ya Mama na Kinachodhuru ya Mtoto

Ikiwa uko jikoni saa hii, usisogee, kwa maana mazungumzo ya leo yanaanzia hapo hapo ulipo: kwenye mkebe wa sukari, kwenye chupa ya asali, na kwenye lile avokado ulilolifunga kwa gazeti ili liive.

Leo tunazungumza juu ya kujiremba kwa vyakula. Ukipita Westlands, Lavington au Kilimani utaona mabango ya spa kila kona. Huko mtu hulazwa kwenye kitanda laini, akapakwa usoni vitu vyenye harufu ya tango na asali, akasuguliwa miguu, kisha akalipa pesa ambazo mama wa Kawangware au Kangemi angezifikiria mara mbili, kwa kuwa kuna karo na kuna kodi ya nyumba. Na mama huyo akiambiwa ni vitu gani vilivyotumika, anasikia sukari, oti, asali, maziwa, avokado. Anajiuliza, "Kwani mimi sina hivyo?" Unavyo, mama. Na si dhambi kujitunza. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akapanda matatu hadi mjini, akarudi usiku kupika na kufua, ana haki ya kukaa nusu saa miguu yake ikiwa ndani ya beseni.

Basi kwa nini jambo hili liwe kwenye kipindi cha afya? Ni kwa sababu mkono unaojipaka wewe ndio unaompaka mtoto. Tena ni kwa sababu neno "asili" limekuwa neno la kuuzia. Mtu akishasikia kwamba kitu ni cha asili, anaacha kuuliza maswali. Ndimu ni ya asili. Pilipili pia ni ya asili, na hakuna anayejipaka pilipili usoni.

Hebu kwanza tuielewe ngozi yenyewe. Ifikirie kama ukuta wa matofali. Chembechembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo simiti. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayapotei ovyo na viini vya magonjwa havipenyi. Maji moto sana, sabuni kali na kusugua kupita kiasi hutoa ile simiti, ndipo ngozi ikapauka, ikawasha na kupasuka. Unaliona jambo hili vizuri hapa Nairobi kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi, ambapo kila mtu anaoga maji moto na miguu ya watoto wa shule inakuwa meupe kama iliyopakwa unga.

Ngozi ya mtoto mchanga ni ukuta ambao bado unajengwa. Ni nyembamba kuliko yako. Tena mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzani wake mdogo, kwa hivyo kitu unachompaka mwili mzima humwingia kwa kiasi kikubwa kuliko kinavyokuingia wewe. Hilo tulikumbuke mpaka mwisho.

Sasa tuanze na yanayofaa, kwa kuwa ni mengi.

Tuanze na miguu, maana wengi wetu tuna magaga. Tia maji ya vuguvugu kwenye beseni na uloweke miguu kwa dakika kumi au kumi na tano. Changanya vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi au ya alizeti. Sugua visigino taratibu kwa mchanganyiko huo. Suuza, kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta mazito ya mgando kama Vaseline na uvae soksi ulale nazo. Fanya hivyo mara mbili kwa juma. Kinachoponya magaga hasa ni yale mafuta mazito na soksi za usiku. Sukari imefagia tu ngozi iliyokufa. Lakini wewe mwenye ugonjwa wa kisukari, nakuomba usisugue kabisa, usikate ngozi kwa wembe, na usipime maji kwa mguu. Yapime kwa kiwiko. Miguu ya mwenye kisukari inaweza kuungua au kukatika bila yeye kuhisi, na kidonda kidogo kikageuka kuwa jambo la hospitali.

Sukari hiyo hiyo usiipeleke usoni. Chembe zake zina ncha, na ngozi ya uso si kisigino. Kwa uso tumia oti, zile za kupikia uji. Zisage ziwe unga laini, chukua vijiko viwili, changanya na maziwa mala mpaka iwe kama uji mzito. Paka, kaa dakika kumi, suuza bila kusugua. Mala yana asidi ya maziwa, na asidi hiyo ndiyo inayotiwa katika baadhi ya krimu za bei ghali, isipokuwa katika mala ni hafifu zaidi. Ikiwa ngozi yako ni kavu, ongeza kijiko kidogo cha asali. Asali huvuta maji na kuyashikilia, ndiyo sababu ngozi huonekana laini baadaye. Tafuta asali halisi, kama ile inayotoka Baringo au Kitui, na si sharubati ya sukari iliyotiwa rangi, ambayo itakuachia kunata tu.

Avokado mimi ningelipeleka kwenye nywele kuliko usoni. Nusu ya avokado lililoiva, kijiko cha mafuta ya nazi, ponda mpaka iwe laini kabisa, halafu, tafadhali, pitisha kwenye chujio la chai. Akina dada wanaosahau chujio hushinda Jumapili nzima wakitoa vipande vya kijani kwenye nywele. Paka, funika kwa mfuko wa plastiki, kaa dakika ishirini, osha. Kabla ya kuanza, hakikisha ni siku yenu ya maji. Mitaa mingi ya jiji hili hupata maji kwa zamu, na hakuna mateso kama kichwa kilichojaa avokado na mfereji mkavu. Ukitumia yai badala ya avokado, osha kwa maji baridi. Maji moto hulipika yai kichwani, nawe utajua maana ya mayai ya kukoroga.

Tena usione aibu kulila avokado hilo badala ya kulipaka. Kama una mtoto aliyetimiza miezi sita na anaanza kula, avokado lililopondwa ni chakula kizuri kwake. Likiingia tumboni mwake litamfaa kuliko likikaa kichwani mwako.

Mchanganyiko wowote wa vyakula ufanye kiasi cha kutosha siku hiyo tu, kisha unaobaki umwage. Krimu za dukani hutiwa dawa ya kuzuia ukungu. Mala na asali uliyoiacha kwenye kikopo bafuni haina dawa hiyo, na baada ya siku mbili unajipaka viini. Usipake kitu chochote juu ya chunusi zilizotumbuka au mahali palipochubuka. Na kila kitu kipya kijaribu kwanza: paka kidogo ndani ya mkono, pale unapokunjika, ukae hadi kesho yake, hata kesho kutwa. Pakiwasha au pakiwa pekundu, kitu hicho si chako, hata kama jirani kimempendeza.

Sasa tuingie kwenye yanayodhuru, na kwanza kabisa ni ndimu.

Najua ndimu na limau zinapendwa. Dada ana madoa meusi usoni yaliyoachwa na chunusi. Anaambiwa akate ndimu, ajipake, doa litatoka. Ndimu ni chachu mno kwa ngozi, na inachoma hiyo simiti tuliyoitaja. Lakini ubaya wake mkubwa uko kwingine. Katika maji na maganda ya ndimu kuna kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, huiunguza ngozi kama moto. Haiungui hapo hapo. Unajipaka asubuhi, unakwenda zako mjini, na baada ya siku moja au mbili unaona wekundu, malengelenge, kisha doa jeusi linaloweza kukaa miezi kadhaa. Yule dada aliyetafuta kutoa doa amejiongezea jingine. Na kumbuka tunaishi wapi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hata siku ya baridi yenye mawingu, miale ya jua hapa ni mikali.

Mtoto naye anaungua bila hata kupakwa. Mama anakamua ndimu za sharubati nje, kwenye jua, kisha anamnyanyua mtoto kwa mikono yenye maji ya ndimu. Siku ya pili mtoto ana alama nyekundu zenye umbo la vidole mgongoni au mabegani. Madaktari ng'ambo wamewahi kuziona alama za namna hiyo wakadhani mtoto amepigwa. Kwa hivyo nawa mikono kwa sabuni baada ya kukamua ndimu, hasa kama mtakuwa nje.

Niseme na jambo jingine la ndimu ambalo akina mama hulizungumza kwa kunong'ona. Usijioshe sehemu za siri kwa ndimu, wala siki, wala kitunguu saumu, wala usiingize mala au asali. Uke hujisafisha wenyewe. Ndimu huchubua ngozi laini ya ndani, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa viini, vikiwamo vya Ukimwi. Kama kuna harufu au uchafu usio wa kawaida, hiyo ni dalili ya kupelekwa kliniki, na tiba yake ipo.

Cha pili ni kitunguu saumu. Hiki huwapata sana watoto. Mtoto anarudi kutoka kinyozi au kucheza na wenzake, na baada ya muda kichwani kuna viduara vyeupe, nywele zinakatika. Ni choa, wengine huita mashilingi. Shosho anasema, "Ponda kitunguu saumu, mpake, ufunge kwa kitambaa." Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi kwa saa chache kinaweza kuiunguza mpaka itoke malengelenge. Na choa chenyewe hakitakuwa kimekwenda, kwa sababu ukuvu wa choa cha kichwani hukaa ndani ya mizizi ya nywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vizuri. Choa cha kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kwa majuma kadhaa, kama mhudumu wa afya atakavyoagiza. Mpeleke Kituo cha Afya cha Kangemi, au cha Riruta, au popote palipo karibu nawe. Na taulo, kitana na kofia kila mtoto awe na vyake.

Soda ya kuokea mikate na dawa ya meno sitazichelewesha. Hazikutengenezwa kwa ajili ya uso. Soda huondoa uchachu mdogo ambao ngozi inauhitaji kujilinda, na dawa ya meno hukausha chunusi kwa kuchubua ngozi iliyo karibu nayo. Acha.

Asali, niliyoisifu hapo juu, nayo ina sharti lake. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone. Usimpake midomoni inapokauka, usichovye chuchu ya plastiki ndani yake, usimpe ya kikohozi. Asali inaweza kuwa na mbegu za kiini kinachosababisha ugonjwa uitwao botulizimu. Tumbo lako wewe linazimudu. Tumbo la mchanga haliziwezi. Zikiota ndani yake hutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anafunga choo, kilio kinakuwa hafifu, ananyonya kwa shida, shingo inalegea, na mwisho hata kupumua kunamshinda. Kwa hivyo ukijipaka asali usoni na una mtoto anayenyonya, jisuuze vizuri na unawe mikono kabla hujamshika. Watoto hulamba kila kitu.

Kwa mtoto mchanga mwenye ngozi kavu, kinachotosha ni kidogo mno: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato au bila sabuni kabisa, na mafuta safi. Mafuta ya alizeti yana sifa njema hapa. Katika uchunguzi uliofanywa hospitalini mjini Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka wa 2005, watoto waliozaliwa kabla ya wakati waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wenzao wasiopakwa. Walikuwa wadogo sana, chini ya uangalizi wa wauguzi, kwa hivyo wako aliyezaliwa kabla ya wakati muulize muuguzi kwanza. Na ninaposema mafuta safi, nina maana ya chupa iliyotengwa kwa ajili ya mtoto. Yale yaliyokaangia mandazi asubuhi hayamo. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaona ndiyo bora kwa kuwa ni ghali, uchunguzi umeonyesha yanaweza kuilegeza ile simiti ya ngozi. Kwa ngozi kavu ya mtoto usiyapeleke mbele.

Sasa kuna watoto wenye pumu ya ngozi, ile ekzema inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mama akiona hivyo hujaribu kila kilicho jikoni: maziwa, yai, siagi ya njugu, mafuta ya njugu. Tafadhali usifanye hivyo. Ngozi yenye ekzema ni ukuta wenye mashimo, na chakula kikipenya kupitia mashimo hayo, mwili unaweza kukifanya adui. Baadaye mtoto akila chakula hicho, anavimba midomo au anashindwa kupumua. Mnajua lililotokea Japani? Kulikuwa na sabuni ya uso iliyouzwa kwa wingi, ndani yake mlikuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa. Watu waliokuwa wakila mkate na tambi tangu utotoni bila tatizo wakaanza kupata mzio wa ngano baada ya kuoshea nyuso zao sabuni hiyo. Zaidi ya watu 2,000 waliathirika, na mnamo 2011 sabuni ikaondolewa madukani. Hao walikuwa watu wazima, tena wengi wao hawakuwa na vidonda usoni.

Kwa ekzema, mwogeshe mtoto kwa muda mfupi kwa maji ya vuguvugu, mpanguse kwa kumgusagusa, na kabla ngozi haijakauka kabisa mpake Vaseline isiyo na manukato, kwa wingi, mara mbili au tatu kwa siku. Ni kitu cha bei nafuu kinachopatikana hadi kwenye kibanda cha mtaani. Ikiwa ngozi inatoa maji au ina magamba ya manjano, mpeleke kliniki. Mtoto mwenye tetekuwanga anayejikuna usiku kucha unaweza kumsaidia kwa oti: funga konzi mbili za oti zilizosagwa ndani ya soksi safi, izamishe kwenye beseni lake la maji ya vuguvugu, ukamue mpaka maji yawe kama maziwa, mkalishe humo dakika kumi. Usimwache peke yake hata kwa sekunde moja, maana beseni linateleza na mtoto huzama katika maji machache sana.

Nimetaja maji, basi tuseme juu ya kujifukiza uso. Spa hufanya hivyo kwa mashine. Nyumbani sisi huweka sufuria ya maji yanayochemka chini, tukajifunika shuka. Katika chumba kimoja chenye jiko, kitanda na watoto wawili, sufuria hiyo ni hatari kubwa kuliko chunusi zako zote. Mtoto anavuta shuka, maji yanamwagika. Tumia kitambaa kilicholowekwa kwenye maji moto na kukamuliwa, ukiweke usoni. Kinafanya kazi ile ile. Na mtoto akiungua, maji safi baridi yanayotiririka, au unayomiminia kwa kikombe, kwa dakika ishirini. Usimpake yai, unga, dawa ya meno, siagi wala ile asali. Vua nguo zilizolowa, lakini iliyogandamana na ngozi usiivute. Mfunike kwa kitambaa safi, uende hospitali.

Hina nayo niigusie, kwa kuwa siku za Idi na harusi watoto wa kike hupakwa mikono. Hina ya majani hutoa rangi ya hudhurungi. Ile nyeusi ti, ambayo watu wa Pwani huiita piko, ni rangi ya nywele yenye kemikali kali. Inaweza kutoa malengelenge yanayoacha kovu lenye umbo la ua lile lile alilochorwa mtoto. Mchanga asipakwe hina ya aina yoyote, kwani wako watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu ambao hina inaweza kuwaharibia chembe nyekundu za damu.

Nimebakiza jambo zito zaidi, nalo ndilo linalowatoa wengi jikoni na kuwapeleka madukani.

Hakuna chakula kinachogeuza rangi ya ngozi. Si ndimu, si papai, si viazi, si maziwa, si manjano. Vyakula hivi vikitumiwa vizuri vinalainisha, na hapo ndipo kazi yao inapoishia. Kwa hivyo mtu akikuuzia kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, akakwambia "hii ni ya asili, ni papai na asali, utakuwa mweupe kwa majuma mawili," jua kwamba aliyefanya kazi hiyo si papai. Katika vikopo vya namna hiyo mara nyingi ndimo mnamofichwa zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Vichochoro vya katikati ya jiji, kuanzia River Road na barabara zinazopakana nayo, vina maduka mengi ya vipodozi, na wako wanaouza bidhaa halali. Lakini wako pia wanaochanganya chumba cha nyuma na kukukorogea kulingana na rangi unayoitaka.

Serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mnamo Agosti 1998, kupitia Shirika la Viwango. Mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata nayo yaliamua mwaka wa 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata kidogo namna gani, visitengenezwe wala kuuzwa baada ya 2025. Hata hivyo vinaendelea kupita mipakani na kuuzwa kwa siri. Soma kibandiko. Ukiona neno mercury, mercurio, mercurous chloride au calomel, hiyo ni zebaki. Ukiona onyo kwamba kitu kisigusane na dhahabu wala fedha, shuku pia, kwa sababu zebaki huharibu vito.

Kwa nini nasisitiza mbele ya akina mama? Zebaki hupenya ngozi, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Ikiwa una mimba, inavuka hadi kwa mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio unajengwa. Na hata kama hukumpaka mtoto, ukimlaza kifuani, au mkitumia taulo moja na shuka moja, inamfikia. Zebaki pia hugeuka mvuke ndani ya chumba. Dada anayejipaka usiku katika nyumba ya chumba kimoja anawapumulisha wote waliolala humo. Steroidi nazo huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya vitunguu, ikajaa mishipa na michirizi. Na haidrokwinoni ikitumiwa miaka, mwisho wake ni madoa ya samawati nyeusi mashavuni, ambayo ni magumu sana kuyaondoa.

Wako akina mama wanaowapaka krimu hizi watoto wao wachanga, kwa kusikia kwamba mtoto mweupe ni mzuri. Ninalisema bila kumtukana mtu, kwa maana shinikizo hili linatoka kwa mashangazi, kwa mabango na kwa maneno ya mtaani. Mtoto mchanga huzaliwa na rangi nyepesi kisha hukolea katika majuma na miezi ya kwanza. Hajachomwa na jua, na hujakosea kumtunza. Ndiyo rangi yake imefika.

Ama mtoto mwenye ualbino, yeye anahitaji kinga ya kweli dhidi ya jua. Mafuta ya nazi si kinga, wala karoti, wala udongo. Anahitaji losheni maalumu, kofia pana na mikono mirefu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni hiyo kupitia hospitali. Uliza hospitali iliyo karibu nawe.

Na wewe ambaye tayari unatumia krimu ya kugeuza rangi, na sasa unaisikiliza redio kimya kimya huku kikopo kiko chini ya godoro, sikiliza. Kama kuna dalili kwamba ina zebaki, acha leo. Kama umeitumia muda mrefu na hujui imechanganywa na nini, nenda kliniki kesho, usingoje mwisho wa mwezi, kwa kuwa steroidi zikiachwa ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba, na watu wengi wakiona hivyo hurudi kuipaka. Daktari atakueleza namna ya kuiacha na atapima figo zako ikihitajika. Kikopo chenyewe kifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, ukichukue kwenda nacho. Usikimwage kwenye sinki wala kukichoma kwenye taka za mtaa, maana moshi wake utawafikia watoto wa ploti nzima. Taulo na mto uliokuwa ukitumia, mtoto asilalie tena. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi, lakini huna haja ya kuanzia huko. Anzia kituo chako cha afya, au Hospitali ya Mbagathi, upate barua ya kukupeleka mbele. Kama unanyonyesha au una mimba, sema hilo mlangoni kabisa, kabla hata ya kuulizwa jina.

Muda wetu umekwisha. Wenye maswali yaandikeni, mtukabidhi, tutayajibu katika mazungumzo yajayo.